Hojaji Inapima Unyumbufu au Inapima Maumivu?

Mteja wa tiba ya kisaikolojia akijaza hojaji ya unyumbufu, mara nyingi kalamu yake husimama kwenye kauli inayomtaka aseme kama anaziogopa hisia zake. Kauli nyingine amezijaza haraka, duara hapa, duara pale. Kwenye hii anainua kichwa na kuuliza: "Kuogopa tu, au kuogopa mpaka nishindwe kufanya mambo yangu? Maana hofu ninayo, ila siku hizi hainizuii kwenda kazini." Fomu haina nafasi ya jibu kama hilo. Ina namba tu, kuanzia 1 hadi 7.

Swali la mteja huyu ni zito kuliko anavyodhani. Unyumbufu wa kisaikolojia ni uwezo wa mtu kukaa na fikra na hisia zake, hata zile chungu, bila kuzikimbia, huku akiendelea kutenda yale anayoyathamini na kubadili mwenendo pale hali inapodai hivyo. Ni dhana kuu ya Tiba ya Kukubali na Kudhamiria, maarufu kwa kifupi ACT, ambayo Steven Hayes wa Marekani na wenzake waliieleza kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1999. Maelezo hayo hayasemi popote kwamba mtu mnyumbufu haumii. Kinachoangaliwa ni anavyoishi na maumivu yake.

Kulipima jambo hilo ndiko kulikoleta taabu. Hojaji ya kwanza iliyotumika sana, AAQ, ilichapishwa mwaka 2004. Kauli zake zilikuwa ngumu kueleweka na majibu hayakushikamana vizuri, yaani mtu mmoja aliweza kujibu kauli zinazohusu jambo moja kwa namna zisizolingana. Mwaka 2011 Frank Bond na wenzake wakatoa toleo la pili, AAQ-II, lenye kauli 7 tu. Ni fupi, majibu yake yanashikamana, na hujazwa kwa dakika chache, kwa hiyo ilisambaa haraka katika utafiti na katika vyumba vya tiba. Jumla ya chini kabisa ni 7, ya juu kabisa ni 49, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ugumu unavyozidi, yaani unyumbufu unapungua. Ukiona ripoti inayotaja alama bila kusema zinasomwa kuelekea wapi, uliza kabla ya kufurahi au kuhuzunika.

Mashaka hayakuchelewa. Mwaka 2014 mtafiti Martin Wolgast wa Sweden alizipima kauli za AAQ-II pamoja na kauli nyingine alizoziandika mahususi, baadhi zikihusu kuzikubali hisia na nyingine zikihusu dhiki yenyewe. Kauli za AAQ-II zilisogea zaidi upande wa dhiki. Utafiti wa Catherine Rochefort na wenzake, uliotoka mwaka 2018, ulifika karibu na hapo hapo: hojaji hiyo ilifanana mno na vipimo vya tabia ya kuwa na hisia hasi kwa wepesi.

Kwa mtafiti, hili ni tatizo kubwa. Akitangaza kwamba watu wenye unyumbufu mdogo ndio wenye sonona, huku kipimo chake kimeshaibeba dhiki ndani ya kauli zenyewe, atakuwa kama aliyewauliza watu kama wana homa, kisha akagundua kwamba wenye homa wana joto mwilini. Uhusiano utaonekana mkubwa, lakini hatakuwa amejifunza jipya.

Kwa mteja, madhara ni ya karibu zaidi. Fikiria watu wawili. Wa kwanza anaogopa kuzungumza mbele za watu, na kwa muda mrefu amepanga maisha yake asikutane na hali hiyo: anakataa vyeo, anakaa viti vya nyuma, hapokei simu za vikao. Hofu haimsumbui sana kwa sababu haipati nafasi ya kuamka, hivyo alama zake zinaweza kuwa nzuri. Wa pili ameanza tiba na sasa anasimama kuzungumza, mikono ikitetemeka na moyo ukidunda. Akiulizwa kuhusu hofu na wasiwasi atazungushia 6 au 7, kwa ukweli kabisa. Karatasi itamwona wa pili ndiye mgumu. Kwa maoni yangu, hakuna kosa baya zaidi ambalo kipimo kinaweza kumfanyia mtu aliyejitahidi hivyo.

Ndiyo maana vipimo vimeongezeka. MEAQ ya mwaka 2011, yenye kauli 62, inachambua namna mbalimbali za kuikwepa dhiki, na ina toleo fupi la kauli 15. MPFI ina kauli 60 zilizogawanywa katika sura 12, sita za unyumbufu na sita za ugumu, maana kupungua kwa ugumu hakumaanishi moja kwa moja kwamba unyumbufu umeongezeka. CompACT, yenye kauli 23, inagusa uwazi kwa hisia, utambuzi wa kile mtu anachofanya, na matendo yanayofuata yale anayoyathamini. Vipo pia vilivyotungwa kwa ajili ya watu wenye maumivu sugu na kwa ajili ya vijana.

Kinachonivutia zaidi ni PPFI, iliyotolewa mwaka 2020 na Todd Kashdan na wenzake. Kabla ya kauli yoyote, mtu hutaja lengo moja linalomgusa katika maisha yake ya sasa. Kauli 15 zinazofuata zinauliza anavyozipokea hisia ngumu zinazotokea akilifuatilia lengo hilo: je, anazikwepa, anazikubali, au anazitumia? Hapo hofu inapata muktadha. Mtu haulizwi tena kama anaumia, anaulizwa maumivu yanampeleka wapi.

Karatasi pia si njia pekee. George Bonanno na wenzake waliwapima wanafunzi wa chuo jijini New York katika kipindi cha mashambulizi ya Septemba 11, mwaka 2001. Wakitazama picha zenye kugusa hisia, wanafunzi waliagizwa mara wazioneshe hisia zao waziwazi, mara wazifiche. Katika ripoti ya mwaka 2004, walioweza kufanya yote mawili vizuri ndio waliokuwa na dhiki ndogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wao wa pili chuoni. Watafiti wengine hutuma maswali mafupi kwenye simu mara kadhaa kwa siku, ili mtu ajibu kuhusu saa iliyopita badala ya kukumbuka wiki nzima.

Lugha nayo ina lake. Neno "kukubali" kwa Kiswahili hubeba pia kuridhia na kusalimu amri. Mtu akiambiwa aikubali huzuni yake anaweza kusikia kwamba aache kutafuta nafuu, na atajibu kauli kwa maana hiyo. Anayetafsiri hojaji asiishie kwenye kamusi. Akae na wajibuji, awaombe waieleze kila kauli kwa maneno yao, kisha airekebishe pale maana inapopotea.

Kwa mtaalamu wa tiba, ushauri wangu ni kuanza na hojaji fupi, kuirudia kila baada ya vikao kadhaa, na kutoitoa alama peke yake. Mwombe mteja ataje tendo moja analotaka kulifanya hata hofu ikiwepo, na aliandike kila linapotokea. Mteja kama yule wa pili anaweza kubaki na alama zilezile za wasiwasi kwa miezi, huku daftari lake likisema: "Jumanne, kikao cha asubuhi. Mikono ilitetemeka. Nilizungumza." Maneno hayo yaingie kwenye faili pamoja na namba.