Mchwa, ghala na mkuki wa pili: tunavyokosea tukisoma anthropolojia ya dini

Mtu akikuona umeshika kitabu cha kiada cha anthropolojia ya dini, hasa chenye kinyago kwenye jalada, atakuuliza: "Haya, wanasema uchawi upo au haupo?" Wengi hukifungua kitabu wakilisaka jibu hilohilo, wakafika ukurasa wa mwisho mikono mitupu. Hapa chini nazitaja dhana potofu za wasomaji wa vitabu hivi, moja baada ya nyingine, na kila moja naijibu.

Dhana: Kitabu kimeandikwa kuonyesha kwamba dini ni uongo.

Swali la kama mizimu, majini au miungu wapo kweli anthropolojia huliweka kando, maana haina kipimo cha kulijibu. Inachochunguza ni watu: wanaamini nini, wanafanya nini kwa imani hiyo, na imani inaingiaje katika ndoa zao, mashamba yao na ugomvi wao. Kazi hiyo haimtaki mtu akane Mungu. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, ambaye nitamrudia sasa hivi, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1944. Mwenzake Mary Douglas, aliyeandika kuhusu usafi na unajisi mwaka 1966, alikuwa Mkatoliki. Victor Turner, mtafiti wa matambiko ya Wandembu wa Zambia, alianzia kwenye Umarksi akaishia Ukatoliki. Wapo pia wasioamini chochote, na vitabu vyao husimama rafu moja na vya hao.

Dhana: Anayeamini uchawi hajui sababu za kawaida za mambo.

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Miaka ya 1920 Evans-Pritchard aliishi na Waazande, ambao sehemu ya nchi yao leo imo Sudan Kusini. Ghala zao za nafaka zilisimama juu ya nguzo za miti, na jua likiwaka watu walikaa chini yake kujipatia kivuli. Mara mojamoja ghala liliporomoka likaumiza watu, na Waazande wakasema ni uchawi. Msomaji mwenye haraka huhitimisha kwamba hawakujua habari za mchwa. Walizijua vizuri sana. Walijua mchwa hula nguzo, na walijua watu walikaa pale kwa sababu ya jua. Swali lao lilikuwa jingine: kwa nini ghala hili lianguke saa hiihii, wakiwa wamekaa watu hawahawa? Mchwa anaeleza lilivyoanguka, haelezi kwa nini limeniangukia mimi. Wengine wetu tukifika hapo husema ni bahati mbaya, au Mungu kapenda, tukanyamaza.

Wao wenyewe walikuwa na mfano wa mawindoni. Aliyemchoma mnyama mkuki wa kwanza na aliyemchoma wa pili huhesabiwa kuwa wamemuua pamoja, na nyama hugawana. Basi uchawi waliuita mkuki wa pili. Tembo akimuua mtu, tembo ni mkuki wa kwanza na uchawi ni wa pili, wala mmoja haumfuti mwenzake. Tena hoja hiyo haikukubalika kila mahali: mzinzi aliyefumaniwa hakuweza kujitetea kwamba amerogwa.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake wa ziada hapa. Waazande walitofautisha *mangu*, kitu walichosema kimo tumboni mwa mtu kwa kurithi na huweza kudhuru bila dawa yoyote, na madhara yanayotendwa kwa dawa na maneno. Kiingereza cha vitabuni kimeyapa mambo hayo maneno mawili, *witchcraft* na *sorcery*. Sisi yote tunayabebesha "uchawi". Ukitafsiri kichwani huku unasoma, sura nzima inavurugika. Mimi huandika pambizoni "wa tumboni" na "wa dawa", mambo yakanyooka.

Dhana: Penye uganga hapana maarifa.

Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alifanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, vilivyo Papua New Guinea ya leo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wavuvi wa huko, wakivua katika maji yaliyotulia ndani ya miamba, walitegemea ujuzi wao tu. Wakienda bahari kuu, kwenye hatari na mavuno ya kubahatisha, ndipo uganga ulipofanywa. Na mkulima wa Trobriand ukimwambia aache kulima vizuri ategemee uganga peke yake, angekucheka.

Dhana: Hizi ni habari za watu wa mbali.

Mwaka 1971 mwanaanthropolojia George Gmelch, aliyewahi kucheza besiboli ya kulipwa, alionyesha kwamba wachezaji wa Marekani wana miiko na hirizi zao, na nyingi huhusu kurusha na kupiga mpira, ambako lolote laweza kutokea. Wadakaji, ambao hukosea mara chache, hawahangaiki nazo sana. Wavuvi wa Trobriand wangewaelewa mara moja. Mapema zaidi, mwaka 1956, mwanaanthropolojia Horace Miner alieleza kabila la Nacirema, wanaotia nywele za nguruwe kinywani kila siku kama ibada. Soma jina lao kutoka nyuma utawajua, na utajua pia kwamba hizo nywele ni mswaki.

Dhana: Sura ya kwanza ndiyo msimamo wa kitabu.

Huko utawakuta wanaanthropolojia wa mwanzo, Edward Tylor na kitabu chake cha mwaka 1871 na James Frazer na chake cha 1890, huyu wa pili na ngazi yake ya fikra za binadamu: uganga, kisha dini, kisha sayansi. Frazer aliijenga akiwa mezani kwake, kwa habari zilizoandikwa na wengine. Vitabu vya leo humweka pale ili vimkosoe. Ukiacha kusoma katikati, utaondoka na kilichokanushwa.

Dhana: Maneno ya kitabu yanajieleza.

"Tabu" ya kitabuni ilinakiliwa na James Cook huko Tonga mwaka 1777, na maana yake ni karibu na mwiko wetu. Haina udugu na taabu tunayoipata maishani. "Mana" nayo ni nguvu inayosemwa na watu wa Melanesia na Polinesia, si maana. Lakini neno gumu kuliko yote huandikwa hata kwenye majalada ya baadhi ya vitabu hivi: *supernatural*, yaani mambo yanayopita maumbile. Neno hilo linadhani kila jamii imechora mstari kati ya maumbile na yanayoyapita. Mzande hakuuchora. Kwake mangu ilikuwa jambo la kila siku, na alipohisi amerogwa hakushikwa na kicho. Alikasirika.