"Usimkumbushe, utamtonesha kidonda"

Maneno haya, kuhusu mtu aliyepatwa na tukio la kutisha, nimeyasikia Mpwapwa, Kongwa na hapa Dodoma mjini, na wanaoyasema wana huruma ya kweli. Lakini yanawaumiza watu wetu.

Kumbukumbu ya tukio la kutisha haifi kwa kunyamaziwa. Dereva aliyenusurika ajali huanza kwa kuikwepa barabara ile, kisha magari yote, mwishowe hata honi ya mbali humtoa jasho viganjani. Kila akikwepa hupata nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo inayoifundisha akili kwamba hatari bado ipo.

Tiba zilizothibitika huenda kinyume na ukwepaji huo, tena taratibu. Mgonjwa na mshauri hujenga kwanza kuaminiana, ndipo tukio husimuliwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na mgonjwa hurejea hatua kwa hatua kwenye vitu salama anavyoviogopa. Wazo kama "mimi ndiye niliyesababisha" nalo hupimwa upya. Mjini Moshi, tiba ya namna hii imewahi kutolewa kwa watoto waliofiwa na wazazi, na waliotoa hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa.

Kweli, kumlazimisha mtu asimulie yote siku chache baada ya tukio hakufai. Mpe chai, kaa naye, msikilize akitaka kusema. Ila jinamizi na woga vikipita mwezi mzima, mpeleke kwa mtaalamu. Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili hapa Dodoma, hawatibu "vichaa" tu, jamani.