Rodi ya kuvulia samaki ya kuundiwa na fundi si lazima iwe na nguvu zaidi

Hapa Mombasa kaskazi ikiingia tu utasikia mtu asema rodi ya dukani haiwezi jodari mkubwa, eti mpaka uundiwe na fundi. Si kweli jamani. Ule mti wenyewe, wa faibaglasi au kaboni, fundi mara nyingi hautengenezi yeye, anaununua kiwandani, sasa hiyo nguvu itazidi wapi?

Unacholipia ni mengine, mpini ukatwe kwa urefu wako, pete za kupitishia uzi zipangwe ili mti ukipinda uzi usiuguse, na kuzifunga na kupaka epoksi, ile gundi ngumu, bila haraka. Ina raha yake sikatai.

Lakini rodi nyingi zinavunjwa na sisi wenyewe. Imeandikwa uzi wa pauni 50 wewe watia wa 80 na breki ya rili, kile kigurudumu cha uzi, umekaza mpaka mwisho, hapo hata ya dhahabu itakatika. Breki weka robo mpaka thuluthi ya nguvu ya uzi, yani kwa uzi wa pauni 50 ni kama kilo 6 au 7, vuta uzi na mizani ya samaki uone. Na samaki akiwa chini ya mashua usiinyanyue rodi wima, mzigo wote unaenda nchani. Yangu ilikatika hivyo hivyo, tena ya kuundiwa, na deni la fundi sijamaliza!

Ukienda dukani beba kipamba, kipitishe ndani ya kila pete. Kikinasa kuna ufa, irudishe.