Usaili wa Kazi: Tunayoambiana Barazani na Ulivyo Hasa

Masika yakishaondoka, hoteli za pwani ya mashariki na kaskazini ya Unguja zinaanza kutafuta watu wa mapokezi, jikoni, uhasibu na usafi wa vyumba. Serikalini nako matangazo ya ajira yanatoka, na orodha za walioitwa zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp siku hiyo hiyo. Kila zikitoka, maneno yale yale yanaanza upya barazani na kwenye daladala: usaili ni wa kuumbua watu, nafasi zina wenyewe, ukitetemeka umekwisha. Kijana wa Micheweni aliyesoma kwa shida, ambaye wazee wake wamemkopea nauli ya boti, anaingia chumbani akiwa ameshakata tamaa kabla hajaulizwa jina. Hilo linaniuma, kwa sababu mengi katika maneno hayo si kweli, na yale yenye chembe ya ukweli yanasemwa kwa namna inayomdhuru anayeyasikia.

Dhana: Ukiwa na khofu, basi kazi hiyo huiwezi

Khofu ya usaili ni jambo la mwili. Ubongo ukiona kuna jambo zito mbele, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mate yanakauka, viganja vinalowa. Mwili unafanya hivyo hata kwa kazi uliyoizoea miaka. Unachokiogopa ni uzito wa jambo lenyewe, yaani mshahara wa kwanza, ada ya mdogo wako, mama anayengoja simu. Kwa hiyo khofu haisemi lolote juu ya uwezo wako.

Tena khofu hiyo haionekani kwa wengine kama unavyodhani. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa watu waliotakiwa kusema mbele ya wenzao. Wasemaji waliamini khofu yao iko wazi. Wasikilizaji waliiona ni ndogo kuliko wasemaji wenyewe walivyofikiri. Na waliofahamishwa jambo hili kabla ya kusimama walisema vizuri zaidi kuliko ambao hawakufahamishwa. Kwa maana hiyo, hata kulijua tu kunasaidia.

Wengi wanashauriwa wajilazimishe kutulia. Ushauri huo ni dhaifu. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia wana hamu na shauku walifanya vizuri zaidi kuliko waliojiambia watulie, iwe katika kuhutubia, kuimba au kufanya hesabu. Moyo unaodunda hautii amri ya kunyamaza, lakini unadunda pia mtu anapokuwa na hamu, kwa hiyo kuhama kutoka khofu kwenda hamu ni safari fupi.

Kinachomgharimu mtu kwenye usaili ni kujifunga. Amanda Feiler na Deborah Powell wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada waliwachunguza wasailiwa wenye wasiwasi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016. Kuchezea vidole au kugusa nguo hakukuwa na uzito ambao watu huupa. Uzito ulikuwa kwa mtu kusema taratibu mno, kukosa uthabiti, na kukosa uchangamfu na waliokaa mbele yake. Basi usihangaike kuficha mkono unaotetemeka. Hangaika na sauti yako isikike mpaka mwisho wa sentensi.

Mengine ni ya kawaida lakini yanasahaulika. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo yanapungua. Fanya hivyo mara chache ukiwa umekaa kitako nje ya mlango. Kahawa ya barazani iache siku hiyo, maana inaongeza mapigo ambayo tayari yako juu. Anayetoka Pemba kuja kusailiwa mjini asipande boti ya siku ile ile akiwa na njia ya kufanya vingine, hasa wakati wa kusi, bahari inapochafuka na mtu anashuka Malindi tumbo limemgeuka. Lala kwa jamaa, ufike umeoga na umekula. Ukiitwa ndani ya Ramadhani, uliza kwa adabu kama unaweza kupangiwa asubuhi, kabla koo halijakauka. Na ile dua ya Nabii Musa, ya kuomba kifua kikunjuliwe na fundo la ulimi lifunguliwe, isome. Musa mwenyewe alipoiomba aliomba papo hapo na msaidizi, ndugu yake Haruni, kwa hiyo dua haimzuii mtu kumwomba rafiki akae naye usiku amuulize maswali ya mazoezi.

Dhana: Usaili ni mtego, wanataka kukuangusha

Fikiria jambo hili kutoka upande wa mwajiri. Meneja wa hoteli anataka mtu wa mapokezi kabla wageni wa Julai hawajaingia. Barua za maombi zimejaa mezani, vyeti vinafanana, na kila wasifu unasema mwenyewe ni mchapakazi na mwaminifu. Akikosea kuchagua, atamlipa mtu asiyeweza, atampoteza mgeni aliyekasirika, kisha atatangaza nafasi upya katikati ya msimu. Hana raha yoyote katika kukuangusha. Kila mtu anayeingia, anatamani moyoni awe ndiye, apumzike.

Anachokitafuta hakimo kwenye cheti. Cheti kinaonyesha ulisoma nini. Hakionyeshi utafanya nini mgeni akifika usiku wa manane na chumba chake kimepewa mtu mwingine, wala kama utaelewana na wenzako wa zamu, wala kama umeielewa kazi yenyewe au umeomba kila tangazo ulilolikuta. Ndiyo maana unaulizwa "Ungefanya nini kama…" na "Tueleze siku ambayo…". Hata lile swali la "Jieleze", linalowatoa wengi jasho, halitaki historia yako tangu skuli ya msingi. Linataka dakika mbili: umefanya nini, unajua nini, na vinahusiana vipi na kazi hii.

Waajiri nao wamejifunza kwamba mazungumzo ya kubahatisha hayamtambui mfanyakazi mzuri. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipochambua upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, usaili uliopangwa, ambao kila mtu anaulizwa maswali yale yale na majibu yanapewa alama kwa kipimo kimoja, ulitoka juu ya njia nyingine zote. Usaili wa kupiga soga bila mpango ulikuwa chini sana. Kwa hiyo jopo likionekana kavu, linasoma maswali kwenye karatasi na halikuchekei, mara nyingi ni kwa sababu linajaribu kuwatendea wote sawa. Yule mama asiyeinua uso hajakuchukia. Anaandika jibu lako, na baadaye atatakiwa aeleze kwa nini amekupa alama alizokupa.

Dhana: Nafasi zina wenyewe, usaili ni wa kutimiza wajibu

Upendeleo upo. Vimemo vipo, wajomba wapo, na anayekwambia havipo hakusaidii. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kila nafasi imeshachukuliwa ni mbali sana, na wazo hilo linamdhuru zaidi mtu asiye na mjomba. Anayeamini hivyo hasomi habari za taasisi, hapitii majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo, anafika amechelewa na kujibu kwa unyonge. Kisha anakosa, na anaona ameshuhudia ushahidi. Watu wanachanganya pia upendeleo na kutajwa. Hoteli nyingi huwauliza wafanyakazi wao kama kuna mtu wanayemjua anayefaa, na kutajwa hivyo ni halali. Kunakufikisha mezani, na pale mezani unajibu mwenyewe.

Dhana: Kuyataja uliyoyafanya ni kujisifu

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza kazi. Tumelelewa kwamba mwenye adabu hajitaji. Ukisifiwa pilau, unasema ni ya kawaida tu. Mbele ya mkubwa unainamisha macho, unajibu kwa ufupi, unangoja uulizwe tena. Malezi haya ni mazuri na simwambii mtu ayaache. Shida ni kwamba jopo halikujui, halimjui baba yako, na halina mtu wa mtaani kwenu wa kulinong'oneza kwamba wewe ni kijana wa kutegemewa. Usipolieleza wewe, hakuna atakayelieleza.

Mchukue kijana wa Wete aliyefanya kazi za msimu kwenye kituo cha kununulia karafuu, na sasa anasailiwa kwa nafasi ya karani wa bohari. Anaulizwa ana uzoefu gani wa kutunza hesabu za mzigo. Anajibu: "Tulikuwa tukipima karafuu, kazi ndogo ndogo tu." Msaili ameshika kalamu na hana la kuandika. Kijana huyo huyo angeweza kusema: "Nilikuwa nikiandika uzito wa kila gunia likitoka mizani, na jioni najumlisha daftari na kulilinganisha na stakabadhi walizopewa wakulima. Siku moja hesabu hazikukutana. Nikarudia gunia kwa gunia, nikakuta mzigo mmoja umekatiwa stakabadhi mbili. Nikamwambia msimamizi kabla pesa hazijatoka."

Yatafute majisifu katika jibu hilo la pili. Hakusema yeye ni hodari, wala mwaminifu, wala bora kuliko wenzake. Ametoa habari za jambo lililotokea, na jopo limejionea wenyewe uangalifu wake na uaminifu wake. Anayejisifu anataja sifa. Anayetoa ushahidi anataja tendo. Andaa visa vitatu au vinne vya aina hiyo kutoka kazini, chuoni, kwenye timu ya mpira, hata kwenye kamati ya harusi kama ndiko ulikoshika fedha za watu. Kwa kila kisa eleza hali ilivyokuwa, wewe ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, na mwisho ikawaje. Ukisema "tulifanya" mwanzo mpaka mwisho, msaili hatajua mkono wako ulikuwa wapi.

Kuhusu macho: mtazame anayekuuliza wakati anauliza, ukitafakari inamisha, ukianza kujibu mrudie. Hilo halimvunjii heshima mtu yeyote. Na kwa wasiopeana mikono na watu wa jinsia nyingine, mkono kifuani na salamu ya uchangamfu vinatosha. Waajiri wa Zanzibar wamelizoea hilo.

Dhana: Bila Kiingereza cha kutiririka usiende, na majibu yakariri

Inategemea kazi. Mtu wa mapokezi lazima aelewane na wageni, na upande wa Kiwengwa Kiitaliano kinaweza kukupa nafasi kuliko Kiingereza cha kupamba. Kwa bohari, jikoni au bustani, wanataka wajue kama utaelewa maelekezo. Piga simu kabla uulize usaili utakuwa kwa lugha gani. Ni swali la kawaida kabisa. Sentensi fupi iliyo sahihi ina thamani kuliko ndefu iliyokwama katikati.

Kukariri ndiko kunakowaangusha hata wenye lugha nzuri. Jibu lililokaririwa linavunjika kwenye swali la pili, msaili anapouliza "Kwa nini uliamua hivyo?" na karatasi ya kichwani haina jibu. Kumbuka kisa, maneno yatakuja. Na usipoelewa swali omba lirudiwe, ukihitaji kufikiri nyamaza kidogo. Ukimya huo ni mrefu kwako tu.

Dhana: Msailiwa hana haki ya kuuliza wala kukataa kujibu

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Kusema "sina" ni kupoteza nafasi. Uliza siku ya kwanza kazini ingekuwaje, zamu zinapangwa vipi, majibu yatatoka lini, kuna usafiri wa wafanyakazi wa zamu ya usiku au hakuna.

Wanawake wengine huulizwa kama wameolewa, au kama wanatarajia kuzaa karibuni. Maswali hayo hayapimi kazi. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, ambao Tanzania imeuridhia, unapinga ubaguzi katika ajira, ukiwemo wa jinsia. Ukiulizwa, unaweza kujibu kwa upole: "Zamu zilizotajwa kwenye tangazo nimeziona na ninaziweza." Umejibu wasiwasi wao, na mambo ya nyumbani kwako yamebaki ya kwako.

Dhana: Usipoitwa, hufai

Nafasi ikiwa moja na waliofika mwisho wakiwa kumi, tisa watarudi nyumbani, na miongoni mwao wamo wanaoiweza kazi vizuri. Pengine aliyechaguliwa amekuzidi lugha moja, au mwaka mmoja wa kazi, au kisa kimoja alichokieleza kwa uwazi. Piga simu au andika barua pepe fupi, uwashukuru na uulize ungeimarisha wapi. Wengine hawatajibu, wengine watakwambia jambo lenye faida kubwa. Na jioni ile ile ya usaili, kabla habari za nyumbani hazijakuteka, kaa uandike maswali yote uliyoulizwa na pale ulipokwama, kwa sababu kazi za aina moja huulizwa maswali yanayokaribiana, na yule binamu yako wa Konde ameitwa wiki ijayo.