Pinyo fiksi katika barabara za Goma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Baiskeli ya pinyo fiksi ni ile ambayo pinyo, yaani gurudumu dogo la meno la nyuma, imeshikana na kitovu cha gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Ukitaka kupumzisha miguu wakati wa kushuka, haikubali. Ina plato (gurudumu la meno la kwenye pedali) moja mbele, pinyo moja nyuma na mnyororo mmoja kati yake, na vifaa hivyo vichache vimezushiwa maneno mengi.

“Miguu inatosha, breki ya nini?”

Hata chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na pedali wala mnyororo, ina kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ambacho mwenyewe anakikanyaga akishuka na mzigo kutoka Kibumba. Kwenye pinyo fiksi unazuia kwa miguu, na nguvu yote ya kuzuia inapita kwenye mnyororo. Mnyororo ukiruka au ukikatika, mwendo na breki vimekwenda pamoja. Na hata ukiwa mzima, gurudumu la nyuma halisimamishi vizuri: unapozuia, uzito unahamia mbele, nyuma panakuwa pepesi na tairi linaburuzika. Breki ya mbele kwenye lami kavu inakusimamisha kwa takriban nusu ya umbali unaohitaji ukizuia kwa gurudumu la nyuma peke yake.

Piga hesabu. Plato ya meno 44 na pinyo ya meno 18, yenye matairi membamba ya kawaida, inakupeleka karibu mita 5.2 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa, miguu inazunguka mara 128 hivi kwa dakika. Wachache wanaweza kuzuia chochote kwa kasi hiyo. Funga breki ya mbele.

“Fundi akichomelea pinyo ya kawaida, imekuwa fiksi”

Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu siku za kwanza inafanya kazi. Pinyo ya kawaida inafungwa kwa hesi (mifereji kama ya skrubu) za kulia: ukikanyaga mbele, inazidi kukaza. Ukizuia kwa miguu, unaifungua. Kuchomelea kunaziba tu mzunguko wa ndani, ule unaoacha gurudumu liende pedali zikiwa zimesimama. Hesi zinabaki zilezile, na siku utakayozuia kwa nguvu pinyo nzima itajifungua huku miguu ikizunguka bure. Tena moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma cha meno.

Kitovu cha fiksi halisi kina ngazi mbili za hesi. Ya ndani, pana, ni ya kulia, nayo inabeba pinyo. Ya nje, ndogo kidogo, ni ya kushoto, na hapo inakaa ringi ya kufungia. Pinyo ikijaribu kujifungua inaisukuma ringi upande uleule, na kwa kuwa hesi ya ringi ni ya kinyume, ringi inakaza zaidi. Ukifunga, safisha hesi, paka grisi, zungusha pinyo kwa mkono mpaka ishike, kisha ikaze kwa ufunguo wenye kipande cha mnyororo. Fuata na ringi. Panda kilima kifupi ukikanyaga kwa nguvu, rudi, ukaze ringi tena: pinyo itakuwa imesogea kidogo, na ringi iliyoachwa hapo inabaki na nafasi.

“Mnyororo mzuri umekazwa kama waya wa gitaa”

Mnyororo uliokazwa hivyo unakula beringi za kitovu na za pedali, na unalia. Plato chache ni duara kamili, kwa hiyo kuna mahali mnyororo unakaza na mahali unalegea. Zungusha pedali polepole, tafuta mahali panapokaza kuliko pote, na hapo ndipo upime: katikati, mnyororo upande na kushuka kwa jumla ya milimita 10 hadi 15. Ukilegea kupita hapo, bonde moja la barabara linatosha kuurusha.

“Mafuta mengi, maisha marefu”

Goma vumbi lake ni lava. Mawe yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo 2002 na 2021 yanasagwa na magari kila siku, na chembe zake ni kali kama msasa. Mafuta ya nje ya mnyororo hayalainishi kitu, yanakusanya tu hizo chembe na kuzipeleka kwenye pini. Oili chafu ya injini ni mbaya zaidi, maana inakuja tayari na masizi na unga wa chuma.

Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, usugue kwa brashi yenye mafuta ya taa kidogo, uache ukauke kabisa. Weka tone moja juu ya kila roli (kipande cha duara kinachozungukia pini), zungusha, subiri dakika kumi, kisha ufute nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Mvua ikikupiga, rudia jioni hiyohiyo.

Usifute mnyororo unaozunguka. Gurudumu la fiksi halisimami kwa sababu kidole kimeingia. Linaendelea, na kidole kinakatika. Futa kipande kilichosimama, toa mkono, sogeza pedali nusu mzunguko, futa kingine. Suruali pana na kitenge navyo vifungwe kabla ya kupanda.

“Mnyororo umevutika”

Chuma hakivutiki hivyo. Pini na matundu yake yanalika, kila kiungo kinaongeza nafasi kidogo, na urefu wote unakua. Rula ya sentimita 30 inatosha kupima: toka katikati ya pini moja hesabu nafasi 20 za pini. Mnyororo mpya unatoa milimita 254. Ukifika 255.3, nunua mwingine. Ukifika 256.5, meno ya pinyo yameshakaa kwa umbo la mnyororo mbovu, na mnyororo mpya utayapanda, hasa unapozuia. Badilisha vyote.

Ukinunua, angalia upana pia: mnyororo mpana wa baiskeli za mizigo unakaa juu ya meno membamba bila shida, lakini mwembamba wa baiskeli za gia haushuki kwenye meno mapana.

“Tairi limeisha mahali pamoja, basi ni bovu”

Kwa wanaoburuza gurudumu kusimama, hesabu ya meno ndiyo inayoamua. Ukizuia kila mara kwa mguu uleule, plato ya 48 na pinyo ya 16 zinasimamisha gurudumu mahali palepale daima, yaani sehemu moja tu ya kuchakaa. Plato ya 46 na pinyo hiyohiyo zinatoa sehemu nane. Ya 44 na 18, tisa.