Yasome masizi ya valvu ya EGR kabla hujayafuta

Gari moja la dizeli liliwahi kuletwa kwangu baada ya kusafishwa valvu ya EGR mara 2 ndani ya miezi michache. Mwenyewe alikuwa ameshachoka. Taa ya injini inawaka, gari halivuti mlimani, na akikanyaga mafuta kwa nguvu linatema moshi mweusi hadi walio nyuma wanafunga vioo. Kila fundi aliyeifungua valvu aliikuta imejaa masizi, akaisafisha, akairudisha. Gari likatulia wiki kadhaa, kisha yakarudi yaleyale. Hakuna aliyemdanganya, valvu kweli ilikuwa chafu. Ila hakuna aliyejiuliza uchafu wote ule unatoka wapi.

Valvu hii, ambayo herufi zake ni kifupi cha Kiingereza cha “exhaust gas recirculation”, hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Ukilisikia hili kwa mara ya kwanza unaweza kuona ni kosa, lakini kuna sababu. Moshi ule umebakiwa na oksijeni kidogo, na ndani yake mna kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, vitu visivyoungua bali hunyonya joto. Ukichanganyika na hewa safi, joto la mwako ndani ya silinda hushuka, na oksidi za nitrojeni, ambazo huzaliwa joto linapopanda mno, hupungua. Kwa kawaida valvu hufunguka injini ikishapata moto na mzigo ukiwa mdogo. Ukikanyaga mafuta hadi chini inatakiwa ijifunge, maana hapo injini inahitaji hewa yote inayoweza kupata. Ushike mpangilio huo, maana upimaji wote unautegemea.

Ikikwama wazi, gari husema waziwazi: moshi mweusi, nguvu kupotea, injini kutetemeka ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, pengine kuzimika au kusumbua kuwaka. Ikikwama imefungwa, dereva anaweza asihisi lolote zaidi ya taa ya injini, au mlio wa dizeli kuwa mkali kidogo.

Ukichomeka skana, kifaa kinachosoma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, P0401 maana yake moshi unaorudi ni mdogo kuliko inavyotakiwa, na P0402 ni mwingi kupita kiasi. P0403 ni kasoro ya umeme wa valvu, kwa hiyo anza na waya na plagi kabla hujashika spana. P0404 husema valvu haifiki pale kompyuta inapoiamuru ifike. Msimbo unakuonyesha mtaa tu, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kufungua bolti hata moja. Chukua injini ya lita 2 yenye silinda 4. Kila silinda ina ujazo wa nusu lita, na nusu lita ya hewa ya kawaida ina uzito wa takribani miligramu 600. Silinda haijai hewa kikamilifu, kwa hiyo valvu ikiwa imefungwa na injini ikiwa kwenye sailensa, natarajia sensa ya hewa isome chini kidogo ya hapo, tuseme 450 hadi 550 kwa kila mpigo. Kisha naiamuru valvu ifunguke kwa kutumia skana. Moshi ukiingia unachukua nafasi ya hewa safi, na namba inatakiwa iporomoke wazi, mara nyingi hadi karibu na nusu. Isiposhuka, moshi haupiti: ama valvu haifunguki, ama njia imeziba. Ikiwa namba iko chini muda wote, hata ukiamuru valvu ifungwe, kuna uwezekano mkubwa imekwama wazi. Kabla ya kuihukumu, tazama filta ya hewa na uhakikishe sensa yenyewe haisemi uongo. Valvu nzima zimetupwa kwa kosa la sensa.

Kwa zile za zamani zinazovutwa kwa vakyumu, pampu ndogo ya mkono inatosha. Vuta, uangalie kama shina la valvu linapanda na kama kipimo kinashikilia pale kilipo. Kikishuka chenyewe, kiwambo cha ndani kimetoboka, na hapo hakuna usafi utakaosaidia.

Sasa tuseme umethibitisha na umeifungua. Weka brashi chini kwanza. Ilete valvu kwenye mwanga, pitisha kidole kilichovaa glavu, na usome. Masizi makavu, ya unga, yaliyokauka kama yale ya kwenye kioo cha taa ya mafuta, hutokana na mwako: nozeli za mafuta zinazodondosha, hewa pungufu, au gari linaloendeshwa safari fupifupi lisipate moto sawasawa. Masizi mabichi, yanayong'aa na kunata kama lami, yamechanganyika na oili, basi fuata bomba la kupumulia injini na uchunguze tabo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu kwenye injini. Ukikuta unyevu, ukoko mweupeweupe, au sehemu iliyosafika ghafla katikati ya weusi, shuku kipozeo cha EGR kinavujisha maji ya rejeta. Muulize mwenye gari kama amekuwa akiongeza maji. Ukiyafuta kabla ya kuyasoma, umefuta ushahidi wote.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya utulivu. Injini iwe imepoa na waya wa hasi wa betri umetolewa. Bolti za hapa hupikwa kwa joto kila siku, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulegeza kutu na uzipe muda, maana bolti ikikatikia ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, siku yako imekwisha. Valvu ya umeme ishike mota ikiwa juu na mdomo ukitazama chini, ili dawa isitiririkie kwenye mota. Puliza dawa ya kuyeyusha masizi, subiri ilainishe, kwangua kwa kijiti kigumu au plastiki, malizia kwa brashi ya shaba, rudia. Usilazimishe kisahani kinachofungua na kufunga njia kwa bisibisi, ndani mna gia ndogo ambazo mara nyingi ni za plastiki. Valvu ikishasafika, imulike kwa tochi upande mmoja: mwanga ukipenya pembeni mwa kisahani kilichofungwa, valvu haikai sawasawa, na utarudi kwenye moshi uleule.

Mdomo wa manifoldi nao usiusahau. Nimeshakuta tundu ambalo dole gumba lingepita, likabaki la kupitisha kalamu. Kwangua ukivuta nje, huku mashine ya kufyonza vumbi ikinguruma pembeni, kipande kisije kikadondokea kwenye silinda. Gasketi weka mpya.

Kuna jambo moja naomba sana lisifanywe: kupulizia dawa inayowaka kwenye njia ya hewa huku injini ya dizeli ikiunguruma. Dizeli haina plagi za cheche za kuzimwa. Chochote kinachoungua kikiingia na hewa kinageuka mafuta, injini inaweza kupandisha mizunguko yenyewe, na ukizima ufunguo isisikie. Nimeishuhudia mara 1, na sitaki mtu mwingine asimame karibu na injini ya namna ile. Kuiziba valvu kwa kibati nako sikushauri. Kompyuta imepangwa kufanya kazi nayo, na hewa inayochafuka tunaivuta sote.

Baada ya kufunga, futa misimbo, uielekeze kompyuta kwa skana ijifunze upya mahali valvu inapofungwa, kisha upime hewa tena kama mwanzo.

Lile gari la mara 2 lilikuwa na masizi makavu, mengi, ya unga mtupu. Hakukuwa na oili wala maji. Kwa hiyo niliiacha valvu mezani nikaenda kutafuta hewa. Kabla ya kulifungua nilikuwa nimeliendesha mlimani skana ikiwa imechomekwa, na shinikizo la tabo lilikuwa chini ya lile kompyuta ililoomba. Nilipofuata hozi inayotoka kwenye intakula, kipozeo cha hewa ya tabo, chini kabisa, upande usioonekana, nikakuta vumbi limegandamana kwa unyevu wa oili. Nilipoikunja, ikafunguka mpasuko usiozidi ukucha. Gari likisimama mpasuko unajifunga. Tabo ikisukuma, unafunguka. Hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka, mafuta yanamwagwa kwa hesabu ya hewa isiyokuwepo, na masizi yote yale yanakwenda kuishia kwenye valvu.

Nilibadilisha hozi, nikaisafisha valvu kwa mara ya 3, nikapima: 480 ikiwa imefungwa, 260 ikiwa wazi. Baada ya miezi 6 mwenyewe alirudi kwa huduma ya kawaida, akaniomba niifungue aione kwa macho yake. Nilipitisha kidole kwenye kisahani. Kilitoka cheusi, lakini pale kilipopita chuma kilionekana.