Msisimko na wasiwasi wa mchezaji ni vitu viwili

Mchezaji anaweka mpira kwenye alama ya penalti. Kamera inamsogelea: jasho usoni, kifua kinapanda na kushuka. Mtangazaji anatamka, "Ana wasiwasi huyu." Kauli hiyo imezoeleka mno, na tatizo haliishii kwa watangazaji. Makocha wameibeba vilevile, na kocha akishaamini kwamba jasho ni wasiwasi, atampa mchezaji tiba ya ugonjwa asiokuwa nao.

Msisimko ni kiwango cha kuamka kwa mwili na akili, kuanzia usingizi mzito hadi kupagawa. Ukipanda, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, damu nyingi inaelekea kwenye misuli, mboni za macho zinatanuka, viganja vinalowa. Wenyewe hauna uzuri wala ubaya; anayeingoja fainali kwa hamu hupata dalili zilezile za anayeiogopa. Wasiwasi huja pale mchezaji anapoona kwamba kinachotakiwa kimezidi uwezo wake, na kwamba kushindwa kutamgharimu kitu anachokithamini. Kwa hiyo kiini chake ni tafsiri, na tafsiri haionekani kwenye kamera.

Mkanganyiko huu umekuzwa sana na mchoro mmoja unaofundishwa karibu katika kila kozi ya ukocha: mstari unaopanda, unafika kileleni, kisha unashuka, kama herufi U iliyopinduliwa. Chini yake huandikwa kwamba wasiwasi kidogo unafaa na ukizidi unaharibu, kisha yanatajwa majina ya wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson na mwaka 1908. Yerkes na Dodson hawakupima wasiwasi, wala hawakumpima mwanamichezo yeyote. Walifanya kazi na panya wadogo waliotakiwa kujifunza kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi. Panya akikosea, alipigwa shoti ya umeme. Kilichobadilishwa kilikuwa nguvu ya shoti na ugumu wa kutofautisha visanduku hivyo. Pale tofauti ilipokuwa ngumu kuonekana, shoti ya wastani ndiyo iliyofundisha haraka zaidi. Lakini ilipokuwa rahisi, kadiri shoti ilivyoongezeka ndivyo panya walivyojifunza upesi, na mstari haukupinda hata kidogo. Miaka mingi baadaye nguvu ya shoti ikaja kusomwa kama msisimko, kisha msisimko ukasomwa kama wasiwasi, na nusu ya matokeo, ile isiyopinda, ikaachwa njiani.

Nusu hiyo iliyoachwa ina maana kubwa uwanjani. Mnyanyua vyuma anahitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi na maamuzi machache, kwa hiyo msisimko mkubwa humfaa. Mlenga shabaha anahitaji mkono usiotikisika hata kwa pigo la moyo; ndiyo maana dawa za kupunguza mapigo ya moyo zimepigwa marufuku katika mchezo wake na katika upinde. Hata ndani ya mchezo mmoja watu hawafanani. Yuri Hanin, mwanasaikolojia wa michezo aliyewafuatilia wanamichezo mmoja mmoja, alionyesha kwamba kila mtu ana eneo lake la kufanya vizuri, na wapo wanaocheza vizuri zaidi wakiwa juu kabisa ya kipimo. Kumtuliza mtu wa namna hiyo ni kumpunguzia uwezo.

Wasiwasi wenyewe nao una sura mbili. Kuna wa fikra: mashaka, picha za kukosea, kujiuliza watu watasema nini. Kuna wa mwili: tumbo kuvuruga, misuli kukaza, na mchezaji kuyahisi hayo kama ishara mbaya. Dodoso la mwanasaikolojia wa michezo Rainer Martens na wenzake, lililotoka kwa ukamilifu mwaka 1990, huzipima sura hizo mbili kila moja peke yake kwa maswali 9, na kuongeza 9 ya kujiamini. Sababu ya kuzitenganisha ni kwamba haziendi pamoja. Wa mwili hupanda karibu na kuanza kwa pambano na kwa kawaida hushuka mara tu mchezo unapoanza. Wa fikra unaweza kuwa juu siku kadhaa kabla, kisha ukapanda na kushuka ndani ya mchezo kufuatana na matumaini ya kushinda.

Hapa hulka inaingia. Mwanasaikolojia Charles Spielberger, mwaka 1966, alitenganisha wasiwasi kama hulka na wasiwasi kama hali. Wa kwanza ni mwelekeo wa kudumu wa kuona vitisho mahali pengi. Wa pili ni anachokipata mtu sasa hivi. Mwenye hulka hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata hali hiyo mashindanoni, lakini uwezekano si hukumu: uzoefu na maandalizi humbeba. Kumwita mchezaji "mtu wa wasiwasi" kwa sababu ya mechi moja ni kugeuza hali kuwa hulka, na vijana wakiitwa hivyo mara kwa mara huanza kuamini.

Motisha nayo huchangia. Anayepima mafanikio yake kwa kuwapita wengine tu, huku akitilia shaka uwezo wake, yuko karibu zaidi na wasiwasi kuliko anayejipima kwa kuboresha anachofanya.

Kosa la kivitendo ni lile la "vuta pumzi, tulia". Pumzi ya kuvuta kwa kuhesabu 4 na kutoa kwa kuhesabu 6, au kukaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5 kisha kuliachia kwa sekunde 20 au zaidi, ni mbinu nzuri kwa wasiwasi wa mwili. Kwa anayesumbuliwa na fikra, mapigo yatashuka na mashaka yatabaki palepale. Huyo anahitaji mpangilio uleule wa hatua kabla ya kila pigo, neno moja la kushikilia, na sehemu moja ya kutazama. Maelekezo mapya ya ufundi dakika hiyo ni hatari, kwa sababu humfanya asimamie kwa makusudi harakati ambazo mwili ulishazizoea, na hapo mguu hukosea kitu ulichokifanya mara elfu. Naye aliyesisimka bila mashaka hahitaji tiba yoyote. Kumwambia atulie ni kumfundisha kwamba moyo wake unaodunda ni dalili ya hatari, na huo ndio mwanzo wa wasiwasi.

Kwa hiyo mtangazaji akiliona jasho, aseme mchezaji amesisimka. Atakuwa sahihi karibu kila mara. Kocha yeye ana nafasi ya kuuliza kabla ya kushauri, na swali ni fupi: "Unawaza nini sasa hivi?" Akijibu "nataka kupiga", mwache akapige.